Korosho Nzima

Huko Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, korosho iliyokauka juani haibanguliwi papo hapo. Kwanza huchambuliwa, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, kwa sababu nafasi kati ya visu vya mashine ya mkono hupangwa kwa ukubwa mmoja. Kisha huvukishwa, halafu huachwa ipoe mpaka ganda likubali kukatika na kiini kijiachie. Asiyengoja atakata vyote viwili.

Mbanguaji hujipaka mikono mafuta ya kula au jivu, maana ganda lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Anaweka korosho katikati ya visu viwili vilivyopinda kufuata umbo lake. Anavuta mpini: visu vinazama kwenye ganda na kusimama. Anakanyaga pedali: visu vinaachana, ganda linapasuka mapande mawili. Ustadi wote uko kwenye ule mvuto wa mpini. Ukipungua, ganda halifunguki; ukizidi kidogo tu, kiini kinakatika au kinaloa mafuta na kupoteza weupe wake. Aliyezoea huutambua mlio wa ganda linapoachia, na mkono wake husita hapo hapo. Mwenzake anachokoa kiini kwa kisu kidogo, huku mpini umeshashuka tena.

Majumbani bado wapo wanaochoma korosho kwenye debe lililotobolewa, mafuta yakawaka, moto ukazimwa kwa mchanga, kisha wakapasua kwa jiwe. Kwa utamu, mimi nachagua hizo. Ila nzima huwa chache.

Viini vilivyotoka kwenye mashine hukaushwa kwenye tanuri ili ngozi ya kahawia ilegee. Kuimenya ni kazi ya vidole. Mgongoni inatoka kwa kusuguliwa. Kwenye mkunjo wa tumbo hung'ang'ania, na hapo ncha ya kisu hupita bila kukwaruza.

Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua Newala na Masasi, vikaja kusimamisha kazi, na sehemu kubwa ya mavuno bado huuzwa mnadani ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Inayobaki kwa wabanguaji hawa wa mkono huishia kwenye meza ya madaraja: W180, zile kubwa zisizozidi 180 kwa ratili; W240; W320; vipande pembeni. Kilo 4 za ghafi zikitoa kilo 1 ya viini, mbanguaji amefanya kazi nzuri.