Kuvuta mara mbili: jinsi alama mbili pinzani zilivyokutwa kwenye jeni moja

Mwezi Aprili 2006 jarida la Cell lilichapisha kazi ya Bradley Bernstein, Eric Lander na wenzao wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Walikuwa wamechunguza seli shina za kiinitete cha panya, na waliyoyaripoti yalikwenda kinyume na yaliyokuwa yakifundishwa: jeni nyingi zinazosimamia ujenzi wa mwili zilibeba, kwa wakati mmoja na mahali pamoja, alama inayoambatana na jeni iliyowashwa na alama inayoambatana na jeni iliyozimwa. Kazi hii hutajwa sana, ila mara nyingi kinachotajwa ni tafsiri yake. Mimi navutiwa zaidi na namna ilivyofanywa, maana humo ndimo unapoona kipi kilithibitishwa na kipi kilibaki dhana.

Seli moja ya binadamu hubeba DNA yenye urefu wa mita 2 hivi, iliyozungushiwa protini ziitwazo histoni. Kila fundo, yaani nyukliosomu, lina histoni nane na jozi zipatazo 147 za herufi za DNA. Mikia ya histoni imechomoza nje, na vimeng'enya huifikia na kubandika juu yake vikundi vidogo vya kemikali bila kugusa mpangilio wa herufi. Histoni ya H3 ikibandikwa vikundi vitatu vya methili kwenye lisini ya 4, yaani asidi amino ya nne ya mkia wake, kwa kawaida jeni iliyo hapo inasomwa. Vikibandikwa kwenye lisini ya 27, jeni hunyamaza. Alama ya kwanza huwekwa na protini za jamii ya Trithorax, ya pili na za jamii ya Polycomb kupitia kimeng'enya kama EZH2. Jamii hizi mbili zilijulikana kwanza kwa inzi wa matunda, ambapo hitilafu katika jeni ya Polycomb huwafanya madume waote kwenye miguu ya nyuma vichana vinavyostahili kuwa kwenye miguu ya mbele tu. Kwa inzi, jamii moja hulinda ukimya wa jeni na nyingine hulinda usomaji wake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitarajia sehemu moja.

Seli shina za kiinitete zilikuwa mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Tangu Martin Evans na Matthew Kaufman walipozikuza huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1981, na Gail Martin huko California mwaka huohuo, ilijulikana kwamba seli hizi huweza kugawanyika maabara bila kikomo na bado zikazalisha aina yoyote ya seli za mwili. Basi jeni za neva, za misuli na za damu zinapaswa kunyamaza leo, na kesho baadhi yake ziitike haraka.

Namna ya kupata ramani ya alama ni hii. Seli humwagiwa formalini, nayo huzifunga protini na DNA pale zilipo. Kisha kromatini hukatwakatwa kwa mawimbi ya sauti hadi vipande vya herufi mia chache. Huongezwa kingamwili inayotambua alama moja tu, tuseme methili tatu za lisini ya 27. Kingamwili hiyo hunaswa kwa shanga ndogo, na kila kipande kilichoshikwa nayo huvutwa. Huoshwa, hupashwa joto ili formalini iachie, na DNA inayobaki hutambuliwa. Mwaka 2006 timu hii ilitambua DNA yake kwa vigae vya kioo vilivyopangwa vipande vya genomu, tena haikupima genomu nzima. Ilichagua maeneo yenye mfuatano wa DNA uliohifadhiwa mno kati ya wanyama, ingawa haubebi maagizo ya kutengeneza protini. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa maeneo hayo yamejaa jeni za vidhibiti vya ukuaji. Lakini pia ulimaanisha kwamba timu iliangalia pale ambapo Polycomb ilitarajiwa kuwa.

Kwenye ramani walikuta maeneo mapana ya alama ya kuzima, na ndani yake maeneo madogo ya alama ya kuwasha. Jeni zenyewe zilisomwa kidogo sana.

Hapa ndipo msomaji makini anapaswa kusita. Wakati huo jaribio hili lilihitaji mamilioni ya seli zilizochanganywa pamoja. Ukisaga mahindi meupe na ya njano kwa pamoja, unga hautakuambia kama kila punje ilikuwa na rangi hafifu ya njano au kama gunia lilikuwa na punje za aina mbili. Vivyo hivyo, ramani mbili zinazolingana zingeweza kutoka kwa makundi mawili ya seli, moja likiwa na alama ya kuwasha na jingine la kuzima. Hata ndani ya seli moja, nakala ya jeni iliyotoka kwa mama ingeweza kubeba alama moja na ya baba nyingine.

Timu ililijibu shaka hilo kwa kuvuta mara mbili. Kromatini ilivutwa kwanza kwa kingamwili ya lisini ya 27. Kilichopatikana kiliachiliwa kutoka kwenye shanga bila kutenganisha DNA na histoni, kikavutwa tena kwa kingamwili ya lisini ya 4. Kipande kinachopita vichujio vyote viwili lazima kiwe na alama zote mbili, na jeni walizozitarajia zilipita. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo moyo wa kazi nzima. Bila hiyo tungekuwa na ramani mbili zinazofanana tu. Mwezi uliofuata Véronique Azuara, Amanda Fisher na wenzao wa London walichapisha matokeo ya aina hiyohiyo kwa njia yao, na hilo liliongeza uzito.

Hata hivyo kuvuta mara mbili kuna mpaka wake. Kipande cha herufi mia chache kinaweza kubeba nyukliosomu mbili au tatu, hivyo alama zingeweza kukaa kwa majirani. Jibu lilikuja mwaka 2012 kutoka maabara ya Danny Reinberg, New York. Philipp Voigt na wenzake walikata kromatini hadi nyukliosomu mojamoja, wakaivuta na kuipima kwa spektrometa ya masi. Alama zote mbili zilikuwa kwenye nyukliosomu moja, ila kwenye mikia tofauti: nakala moja ya H3 ilibeba alama ya lisini ya 4, ya pili ikabeba ya lisini ya 27. Hilo linaeleweka kikemia, maana kimeng'enya cha Polycomb huzuiwa na alama ya lisini ya 4 ikiwa kwenye mkia uleule.

Kuhusu wingi, Tarjei Mikkelsen na wenzake walirudi mwaka 2007 wakiwa na mashine mpya za kusoma DNA na wakapima genomu nzima. Katika seli shina, takriban 22% ya vianzio vya jeni vyenye herufi C na G kwa wingi vilibeba alama zote mbili. Seli zilipogeuka kuwa seli tangulizi za neva, 46% ya vianzio hivyo vilibaki na alama ya kuwasha peke yake, 14% na ya kuzima peke yake, na 8% tu viliendelea na zote mbili. Takwimu hizo ndizo zilizoieneza picha ya jeni iliyo tayari, inayongoja amri. Ila katika seli za tishu unganishi za kiinitete, 43% viliendelea kuwa na alama mbili. Nadhani takwimu hiyo ingepaswa kutajwa kila mara sambamba na zile za neva, kwani inaonyesha kwamba hali hii si ya seli shina pekee.

Jaribio la kupima utayari wenyewe ni rahisi kulieleza: ondoa alama ya kuwasha, kisha uone kama jeni zinachelewa kuitika. Mwaka 2013 maabara ya Ali Shilatifard iliondoa Mll2, kimeng'enya kinachobandika methili tatu za lisini ya 4 kwenye vianzio hivi katika seli shina za panya. Alama ilipungua. Seli zilipopewa asidi ya retinoiki, ambayo huzichochea kubadilika, jeni za ukuaji ziliitika kwa haraka bila tofauti kubwa. Matokeo haya hayaifuti ramani ya 2006 hata kidogo. Alama zipo na zimekaa pamoja. Yanachogusa ni neno utayari, ambalo lilitolewa kwenye mwonekano wa ramani kabla alama yoyote haijaondolewa.

Kuna maelezo mengine ambayo mimi nayapa uzito zaidi. Tangu 2007 inajulikana kwamba DNMT3L, msaidizi wa vimeng'enya vinavyobandika methili kwenye DNA yenyewe, hushika mkia wa H3 pale tu lisini ya 4 inapokuwa tupu. Kwa hiyo alama ya kuwasha kwenye jeni iliyonyamaza inaweza kuwa na kazi ya kuzuia DNA isipigwe methili, aina ya ukimya ambayo ni vigumu zaidi kuiondoa, huku Polycomb ikiishikilia jeni kwa ukimya unaofutika kwa urahisi. Kwa maelezo haya hakuna ugomvi kati ya alama hizi mbili, na anayetaka kuyajaribu atapaswa kupima methili ya DNA kwenye vianzio hivyo kwa vizazi vingi vya seli, si mwitikio wa siku za mwanzo tu.