Kitamili Kipi? Uhakiki wa Vitabu vya Kujifunzia Lugha Bila Mwalimu

Anayetaka kujifunza Kitamili bila mwalimu hukabiliwa na swali ambalo vitabu vingi havimwambii kuwa lipo: Kitamili kipi? Tangu Charles Ferguson alipoifafanua dhana ya diglosia mwaka 1959, Kitamili kimekuwa mfano wake wa mara kwa mara. Umbo la maandishi ni la magazeti, taarifa za habari na hotuba rasmi. Hakuna mtoto anayelipata nyumbani kama lugha ya kwanza. Anayeandika varukirēn 'ninakuja' husema varrēn. Pōkirēn 'ninakwenda' huwa pōrēn. Irukkiratu 'kipo' huwa irukku. Huu si uzembe wa matamshi. Profesa naye husema irukku.

Kwa kigezo hicho, sarufi ya A. H. Arden (1891), ambayo bado inasomwa, inahitaji tahadhari. "Kitamili cha kawaida" kilichomo katika anwani yake ni cha kawaida kwa kulinganishwa na kile cha ushairi. Maumbo yake kwa sehemu kubwa ni ya kuandikwa. Mwanafunzi atakayeimaliza atasoma vizuri, lakini akienda kununua mboga Madurai atasikika kama anayewasomea wachuuzi gazeti. Thomas Lehmann (1989) ni makini zaidi katika uchanganuzi, ila naye anaelemea maandishi na anamwandikia mwanaisimu. Harold Schiffman (1999) ameipa lugha ya kusema sarufi yake kamili. Hata hivyo, ni sarufi ya rejea, haina ngazi za kumpandisha anayeanza. Kati ya hivi, kilichoandaliwa kama masomo na kuanzia kwenye mazungumzo ni kile cha E. Annamalai na R. E. Asher (2002).

Je, tuanze na mazungumzo tu? Hoja ya upande wa pili si dhaifu. Kutoka varukirēn kwenda varrēn ni kufupisha. Kurudi nyuma ni kubahatisha, kwa kuwa sauti zilizodondoshwa hazikuacha alama. Aliyeanza na maandishi ana funguo ambazo mwenzake hana. Lakini funguo hizo hazimsaidii asiyeelewa anachoambiwa, na wanaojisomea wengi huacha katika miezi ya mwanzo, kabla hawajaufikia mlango wenyewe.

Jambo lisilojadilika, kwa maoni yangu, ni hati. Vitabu vinavyoiahirisha kwa kutumia herufi za Kirumi humfichia mwanafunzi mfumo wa sauti. Hati ya Kitamili haitofautishi vipasuo ghuna na sighuna: 'nyoka' huandikwa pāmpu na kutamkwa pāmbu, herufi ileile ikiwa p mwanzoni na b baada ya nazali. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye pata na bata kwake ni maneno mawili, atadhani ni tahajia yenye makosa asipoonyeshwa kanuni mapema.

Mzungumzaji huyohuyo ana faida ambayo hakuna kati ya vitabu hivi inayoitumia, navyo havikuandikwa kwa ajili yake. Ni-na-kuja hutanguliza nafsi, kisha njeo, kisha kitenzi. Varu-kir-ēn huanza na kitenzi, ikafuata njeo, nafsi ikawa mwisho. Somo la kwanza la Kitamili kwa Kiswahili lingeweza kuanzia hapo. Kwa sasa, ningemshauri mwanafunzi wangu ashike Annamalai na Asher, ajifunze hati sambamba na sura za mwanzo, na Lehmann amfungue siku atakapokwama katika gazeti.