Macho ya alunga

Fizi, mashariki mwa Kongo, si nchi ya farasi. Mlimani kuna ng'ombe na mihogo. Baraka, chini, ni mji wa ziwa. Hata hivyo kila nikitazama sanamu ndogo za farasi ambazo mafundi wa Marekani na Ulaya huzipaka rangi ya mafuta, nawakumbuka wachongaji wa Kibembe wa huku.

Fundi wa farasi hupaka tabaka nyembamba na kusubiri, kwa sababu mafuta ya kitani hayakauki upesi kama maji: hugandishwa polepole na hewa. Subira hiyo humpa nafasi. Kahawia ya ubavu huyeyuka taratibu ndani ya weusi wa miguu, hadi jicho lisione rangi moja ilipoishia.

Mbembe hakuwa na nafasi hiyo. Kinyago cha chama cha alunga ni kofia ya mti inayofunika kichwa chote, yenye nyuso mbili, mmoja mbele na mmoja kisogoni. Kila uso una macho makubwa yaliyokaa ndani ya mashimo mapana. Mashimo hupakwa udongo mweupe, mti uliobaki ukawa mweusi. Juu kuna manyoya na miiba ya nungunungu. Chini, nyuzi zinamficha mchezaji. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyechapisha makala kuhusu sanaa ya Wabembe mwaka 1972, alikaa miaka mingi akiwachunguza watu wa maeneo haya.

Weupe ule wa mashimo ndio unaonishangaza. Maji ya udongo hunyonywa na mti papo hapo, na udongo hauwezi kuyeyusha kingo. Ukingo lazima uwe umeshaamuliwa na tezo, na rangi ifuate shimo lililochimbwa. Kwa hiyo kupaka kulianza wakati wa kuchonga. Na kwa kuwa shimo limebonyea, kivuli hutembea ndani ya weupe kila mchezaji anapogeuza kichwa. Jicho la mti nalo huonekana likigeuka. Katika kabati la kioo la makumbusho, chini ya taa isiyosogea, sehemu hiyo ya ufundi haipo. Nasikitika kwamba wengi wamekijua kinyago cha alunga kwa njia hiyo tu.

Vijana wa Baraka wanaochora mabango ya maduka kwa rangi ya mafuta wana mikono mizuri. Natamani wapewe kwanza mti, tezo na udongo mweupe, rangi nyingine zije baadaye.