Mafuta ya Breki na Oili ya Giaboksi: Kuchagua na Kubadilisha

Mafuta ya breki na oili ya giaboksi hupimwa ubora kwa vigezo viwili tofauti. Mafuta ya breki ni bora yakiwa makavu, yaani hayajanyonya maji. Oili ya giaboksi ni bora ikiwa ndiyo hasa iliyokusudiwa kwa giaboksi husika. Rangi, bei na umaarufu wa kampuni hufuata nyuma ya hayo. Umuhimu wa vigezo hivyo huonekana waziwazi Korogwe na Handeni, ambako gari lile lile hupanda milima ya Usambara, hubeba mzigo kwenye joto la bondeni na hupita barabara za udongo za vijijini.

Mafuta ya breki

Mafuta ya breki yanayotumika katika magari madogo mengi hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo hunyonya unyevu kwa asili yake. Maji huingia kidogo kidogo kupitia mipira ya breki na kifuniko cha kichupa, hata gari likiwa limeegeshwa. Kadiri maji yanavyozidi, ndivyo mafuta yanavyochemka mapema. Kwa mujibu wa viwango, mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Takwimu hizo zina maana kubwa katika barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, inayoshuka takriban mita 1,000 katika kilomita zipatazo 33, ikipita Soni kwa kona kali. Dereva anayekanyaga breki mfululizo, badala ya kuacha gari lishikwe na gia namba mbili, hupasha moto pedi na kalipa hadi joto lifike kwenye mafuta. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba. Mafuta hayabanwi lakini mvuke hubanwa. Pedali huzama hadi sakafuni na gari halipungui mwendo. Likipoa, pedali huwa ngumu tena, na fundi huweza kulikagua asione kasoro. Breki inayopotea kwenye mteremko na kurudi baada ya kupoa ni sababu tosha ya kuyashuku mafuta kuwa yana maji.

Aina inayotakiwa huandikwa juu ya kifuniko cha kichupa cha breki. DOT 4 na DOT 5.1 huweza kutumika palipoandikwa DOT 3, na kwa gari la kupanda na kushuka Lushoto hilo ni chaguo zuri. Kushusha daraja hakufai. DOT 5 ni kitu kingine kabisa: ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Oili ya injini, ya giaboksi au ya pawa stelingi haitiwi kamwe kwenye kichupa cha breki. Hata kiasi kidogo huvimbisha sili za mpira za masta silinda na kalipa, na tiba yake ni kubadilisha mipira yote.

Dukani, kwanza huangaliwa muhuri chini ya kifuniko: ukiwa umefunguka, chupa haifai hata kama imejaa. Kopo la bati huzuia unyevu zaidi kuliko chupa ya plastiki, na chombo kidogo kinachokwisha siku hiyo hiyo ni bora kuliko kikubwa kinachobaki nusu kwenye rafu ya gereji. Maandishi yawe yamechapwa vizuri, namba ya toleo ionekane, na chupa isiwe imekaa juani hadi lebo kufifia. Mafuta mapya huwa angavu kama maji au ya manjano hafifu. Yakiwa ya kahawia au meusi yamezeeka. Lakini mafuta safi machoni huweza kuwa na maji tele, kwa hiyo rangi nzuri peke yake si ushahidi. Kipindi cha kubadilisha kinachokubalika na wengi ni miaka 2, na gari lililotumika Japani libadilishwe mafuta mara tu linapofika.

Kubadilisha huanza kwa kunyonya mafuta ya zamani kichupani na kujaza mapya. Kisha breki ya kila tairi hutolewa hewa kwa zamu, kwa kawaida kuanzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda; kwa gari la usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Kitabu cha gari kikitaja utaratibu mwingine, hasa kwa magari ya haibridi, hufuatwa hicho. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga huchomekwa kwenye nipo ya kutolea hewa, na ncha ya pili huzamishwa kwenye mafuta ndani ya chupa ili hewa isirudi. Mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipo na kuifunga kabla pedali haijaachiwa. Kazi huendelea hadi mapovu yaishe na rangi ibadilike. Kichupa kisikauke katikati ya kazi. Katika gari kuukuu, kipande cha ubao huwekwa chini ya pedali ili sili za masta silinda zisipite kwenye sehemu yenye kutu. Mafuta yakidondokea rangi ya bodi, yaoshwe kwa maji papo hapo, maana huila.

Usawa wa mafuta ukishuka kichupani, kuongeza tu si matengenezo. Ama pedi zimelika, ama kuna mahali panavuja.

Oili ya giaboksi

Oili ya giaboksi ya otomatiki hulainisha, hupoza, husafirisha nguvu na hubana klachi za ndani. Viungo vyake vya msuguano hupangwa kulingana na klachi hizo, ndiyo maana oili nzuri sana kwa gari moja huweza kuharibu jingine. Toyota IST ni mfano wa karibu: toleo la kwanza la 2002 hadi 2007 lina otomatiki ya gia 4 na hutumia Type T-IV, ilhali la pili la injini ya lita 1.5 kwa kawaida lina CVT (giaboksi ya mkanda na puli) na hutaka oili ya CVT. Oili ya otomatiki ya kawaida ikitiwa kwenye CVT, mkanda wa chuma huteleza kwenye puli zake na kuzikwangua. Type T-IV na WS za Toyota nazo hazibadilishani, kwa kuwa WS ni nyepesi zaidi. Kwa giaboksi za manyuo huangaliwa daraja la oili, GL-4 au GL-5. Viungo vikali vya baadhi ya GL-5 huweza kudhuru shaba ya sinkronaiza, hivyo palipoandikwa GL-4 itiwe GL-4.

Oili ya otomatiki iliyomo hupimwa kwa tone moja juu ya kitambaa cheupe. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Ya kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha klachi zimeungua. Ya waridi iliyochanganyika kama maziwa ina maji, mara nyingi kutoka rejeta iliyotoboka ndani. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya karai la giaboksi ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni hatari.

Kabla ya kufungua nati ya kumwagia, hakikisha kwanza sehemu ya kujazia inafunguka. Oili itokayo hupimwa kwa chombo, kisha hurudishwa kiasi kile kile. Kwa kawaida hutoka sehemu tu, nyingine hubaki kwenye tobo konvata, hivyo zoezi hurudiwa baada ya kilomita kadhaa. Gari lenye kijiti kwa kawaida hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa moto. Lisilo na kijiti hupimwa kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa na joto lililotajwa na mtengenezaji, ambalo kwa Toyota nyingi ni karibu nyuzi 40. Gari lililotoka kupanda mlima liachwe lipoe kwanza, la sivyo oili iliyotanuka hufurika na giaboksi hubaki na upungufu.

Kwa magari ya mlima, mzigo na vumbi, kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni tahadhari nzuri, na mapema zaidi maji ya mto au mafuriko yakifika kwenye giaboksi. Oili chakavu ikusanywe kwenye dumu, isimwagwe kwenye mitaro inayoelekea Luengera na Pangani. Tarehe, kilomita na aina iliyotiwa ziandikwe kwenye stika chini ya boneti, ili fundi wa Handeni ajue alichotia fundi wa Korogwe.