Kuvujisha Mwanga kwa Kipimo

Aliyewahi kumuuguza mzee wa tezi dume anaujua ule mpira wa mkojo. Ni mrija laini wenye kiputo karibu na ncha. Kiputo hujazwa maji kikiwa ndani ya kibofu ili mrija usichomoke, na upande wa pili mkojo hushuka kwenye mfuko ulioning'inizwa kando ya kitanda. Muundo huu tunadaiwa na Frederic Foley, daktari wa njia ya mkojo wa Minnesota, Marekani, aliyeutengeneza katika miaka ya 1930, na mpira wenyewe bado unaitwa kwa jina lake.

Umewapa nafuu watu wasiohesabika. Lakini kila siku unapolala mwilini, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Hutambaa kwenye kuta za mrija, hujinata, kisha hujifunika utando wa ute wanaoutengeneza wenyewe, na wakishajifunika hivyo antibiotiki huwafikia kwa shida. Aina moja, Proteus mirabilis, huivunja urea ya mkojo hadi madini yakaanza kuganda, kama chumvi inavyoganda ndani ya birika, mpaka mrija ukaziba kabisa.

Wapo wanaopambana na bakteria hao kwa mwanga. Sizungumzii urujuanimno unaoua vijidudu kwenye maji na vyumba vitupu, maana huo huunguza macho na ngozi. Nazungumzia mwanga unaoonekana, zambarau inayoelekea buluu, wenye wimbi la nanomita 405. Katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, watafiti kama Michelle Maclean, John Anderson na Scott MacGregor wameuchunguza kwa miaka mingi. Walipima wimbi moja baada ya jingine dhidi ya Staphylococcus aureus, wakaona makali yanakusanyika karibu na 405. Kisha taa zao zikafungwa darini katika wodi ya majeruhi wa moto ya Glasgow Royal Infirmary, wagonjwa wakiwa humohumo, na bakteria waliokuwa kwenye vitu vinavyowazunguka wakapungua.

Namna mwanga huu unavyoua hunifurahisha kila ninapoifikiria. Bakteria wengi hutengeneza molekuli ziitwazo porfirini kwa mahitaji yao wenyewe. Porfirini hulinyonya wimbi hilo kuliko mawimbi mengine, kisha huipokeza nguvu yake oksijeni iliyo jirani. Oksijeni hiyo hugeuka kali, ikaunguza ngozi ya seli, protini na vinasaba kwa pamoja. Mdudu anachomwa na kuni alizozikusanya mwenyewe. Na kwa kuwa anapigwa kila mahali kwa wakati mmoja, ni vigumu kwake kujijengea usugu kama ule anaojijengea dhidi ya dawa.

Fundi wa kwanza mkubwa wa kazi hii hakujua habari za porfirini. Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, aliwatibu wagonjwa wa kifua kikuu cha ngozi huko Copenhagen kwa taa kali za kaboni, akatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1903. Yeye aliamini urujuanimno ndio unaoponya. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walivipima vifaa vyake vya zamani, wakakuta lenzi zilikuwa zinazuia sehemu kubwa ya urujuanimno. Kilichopenya, walieleza, kiliweza kuziamsha porfirini za bakteria. Nadharia yake ilikosea, ila mikono yake haikukosea. Aligundua kwamba damu huuzuia mwanga, basi akawa anaikandamiza ngozi kwa lenzi iliyopozwa kwa maji hadi damu isogee kando. Wekundu wa damu nao hutokana na porfirini iliyoshika madini ya chuma, nayo huinyonya zambarau hiyohiyo kabla haijafika mbali. Mkojo nao una rangi ya njano kwa sababu huo pia huila zambarau.

Basi mwanga ukimulikwa kutoka nje ya mwili hauwezi kumfikia bakteria aliyejibanza ndani kabisa. Lazima uzaliwe palepale alipo. Taa ndogo za kuutoa sasa zipo, matunda ya ufundi wa LED za buluu uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Nobel ya fizikia mwaka 2014. Wimbi la 405 ndilo linalosoma pia diski za Blu-ray. Njia ya kuupitisha hadi ndani ya mpira ni uzi mwembamba wa kioo au plastiki, wa jamii ya nyuzi zinazobeba intaneti chini ya bahari.

Hapa ndipo ufundi ninaouheshimu kuliko wote. Uzi wa mwanga umeumbwa kutunza: mwanga hugonga ukuta wake, hurudi ndani, hugonga tena, hadi utokee ncha ya pili. Fundi wa mpira anataka kinyume chake, yaani uzi uvuje ubavuni, njia nzima, na uvuje sawasawa. Kwa hiyo huukwaruza ule uso laini ili kila mkwaruzo uachie mwanga kidogo. Lakini akikwaruza kwa usawa ataharibu. Tuseme kila sentimita inavujisha sehemu moja ya kumi ya kinachoifikia. Kati ya mia, ya kwanza itatoa 10, ya pili 9, ya tatu 8 na kidogo, na ya ishirini itaambulia 1 na kidogo. Huko mwisho kuna giza, na bakteria wanajenga.

Afanye kama mpakuaji mzoefu wa pilau mbele ya sahani ishirini. Sahani ya kwanza inapata sehemu moja ya ishirini ya sufuria, ya kumi sehemu moja ya kumi na moja ya kilichobaki, ya kumi na tisa nusu nzima, na ya mwisho inakombelezewa chote. Sahani zote zinalingana kwa sababu mkono haukuchota kwa uwiano uleule. Mikwaruzo nayo huanza haba karibu na taa, ikazidi kushonana kuelekea ncha. Yote hayo kwenye uzi mwembamba unaopaswa kupinda pamoja na mpira bila kukatika, wala kuuziba mkojo njia.

Halafu kuna kipimo. Mwanga uwe mdogo kiasi cha kutoziumiza seli za mgonjwa, nao urudiwe siku baada ya siku, kwa sababu bakteria aliyenata leo huuawa kwa urahisi kuliko mji wa bakteria uliokwisha kuezekwa.

Kazi hii ina mipaka yake. Inahitaji oksijeni, inahitaji umeme, na katika hospitali nyingi utakuta bado mpira wa kawaida, usio na uzi wala taa. Hesabu ya asilimia 3 hadi 7 kwa siku inaendelea. Ukiwa unamuuguza mtu mwenye mpira, nawa mikono kabla ya kuugusa, mfuko uwe chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, na kila asubuhi muulize daktari au muuguzi kama mpira huo bado unahitajika.