Mzee Anayeuzuia Ushauri Wake

Nje ya zahanati za umma jijini Harare, mbali kidogo na foleni ya dawa, utakuta benchi la mbao. Hapo huketi mama mtu mzima, Ambuya kwa Kishona, yaani bibi, na kando yake mtu aliyelemewa na mawazo. Hakuna meza kati yao, wala koti jeupe. Wamegeukiana kidogo tu, na mkao huo peke yake unafanya kazi kubwa. Kijana halazimiki kumkazia macho mtu wa rika la bibi yake. Machozi yakimjia, hutazama mbele, na hakuna anayemfuatilia.

Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliianza kazi hii mwaka 2006, akiwa na kina mama 14 katika mtaa wa Mbare, baada ya bomoabomoa ya 2005 kuwaacha maelfu bila makazi. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Kina mama wakamwambia wazi kwamba hakuna atakayelikalia. Likawa Benchi la Urafiki.

Ambuya ana maswali 14 kuhusu wiki iliyopita: je, umekuwa ukiwaza mno, usingizi ukoje? Limo pia swali la kama mtu alitaka kujiua. Hilo huulizwa waziwazi kama mengine, na akijibu ndiyo, Ambuya humfikisha kwa msimamizi wake. Kuuliza jambo zito namna hiyo, bila kushusha sauti kana kwamba ni aibu, kunahitaji ukomavu ambao naustahi sana.

Lakini ninachokistaajabia zaidi ni jinsi anavyouzuia ushauri wake. Mama huyu amelea, amezika, amesuluhisha ndoa za watu. Maisha yake yote ameombwa wosia. Sasa yuko kando ya binti anayesema mume hatoi pesa ya chakula, mwenye nyumba anamfukuza, na majuzi amegundua kuwa ana virusi vya UKIMWI. Jibu huenda analo tayari. Halitoi. Anamwomba binti ayataje matatizo yote, achague moja, kisha aseme mwenyewe anachoweza kulifanyia. Binti akinyamaza, Ambuya naye hunyamaza, na subira hiyo ni ngumu kuliko maneno. Kichwa chake huitikia, mwili huinama kidogo upande wa msemaji, basi. Sisi tuliokulia miongoni mwa wazee wenye majibu ya haraka tunajua jinsi jambo hili lilivyo adimu.

Matokeo yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA uliwahusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, asilimia 14 ya waliokaa na wahudumu wa benchi walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa wenzao, ambao walipewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, ilikuwa asilimia 50. Mabenchi ya aina hii yamefika hadi Zanzibar na Malawi.

Binti huondoka na hatua moja aliyoichagua mwenyewe, tuseme kuzungumza na mwenye nyumba. Akirudi, Ambuya haanzi upya na "habari za tangu juzi" kisha akasubiri. Anauliza: "Mjukuu wangu, mwenye nyumba alikuambiaje?"