Walinzi wa Joto Vilindini

Mafuta ghafi hutoka mwambani yakiwa ya moto. Shida huanza yakiingia kwenye bomba lililolala sakafuni mwa bahari kuu, ambako maji yana nyuzijoto 4 hivi. Nta huganda kwenye kuta; gesi na maji, vikibanwa na mgandamizo mkubwa, hushikana kuwa kitu kama barafu. Mei 2010, katika Ghuba ya Meksiko, kuba la chuma lililoshushwa kunasa mafuta yaliyokuwa yakivuja kutoka kisima cha Macondo lilizibwa na barafu hiyohiyo.

Hongera basi kwa wahandisi wa kazi isiyopigiwa makofi ya kuyatunzia mafuta joto lake. Huingiza bomba ndani ya bomba na kujaza kihami joto katikati, kama chupa ya chai. Lakini mafuta yakisimama kwa muda mrefu, kihami peke yake hakitoshi. Huko Norwei, katika eneo la Åsgard, walipitisha umeme kwenye chuma cha bomba lenyewe: bomba likawa jiko. Ufundi wa namna hiyo, kwa kweli, unastahili nishani.

Mafuta ya Uganda nayo yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, ingawa ni la nchi kavu, limebuniwa kupashwa kwa umeme.